Kodak haikuuawa na kamera

Fundi wangu wa simu pale Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, ana desturi moja ambayo wenzake wangefaa kuiiga. Kabla hajakutajia bei ya kioo, anafungua picha nyeupe tupu kwenye simu yako, anapandisha mwanga hadi mwisho, kisha anakurudishia. "Angalia mwenyewe, kaka." Nikaangalia. Upande wa chini wa ule weupe kulikuwa na kivuli cha kibodi. Herufi ungeweza kuzisoma moja moja, kuanzia Q mpaka P. Juu kulia, kivuli cha alama ya betri. Na kila penye kivuli, weupe wenyewe ulikuwa umeingia umanjano, kama shati la Idi lililokaa sandukuni miaka.

"Hiki cha kubadilisha," akasema. "Bluu imekufa. Kwenye hivi vioo bluu ndiyo inayotangulia, vyote nimeviona viko hivyo."

Hiyo bluu inayotangulia imewakosesha usingizi wanakemia wa Japani, Korea Kusini, Ujerumani na Marekani kwa zaidi ya miaka 30, na yeye ameifikia kwa bisibisi na mashine ya kupashia moto. Kioo cha OLED hakina taa nyuma yake kama vile vya LCD. Kila nukta inawaka yenyewe: nyekundu, kijani na bluu, na kinachowaka ni molekuli za kaboni zilizotandazwa nyembamba kiasi kwamba tabaka zote kwa pamoja hazifiki hata sehemu moja ya mia ya unene wa unywele. Nilikaa na kalamu nikapiga hesabu. Kioo chenye ukubwa wa sentimita za mraba 100, tabaka za nanomita 200 hivi (nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita), uzito wa kawaida wa vitu vya kaboni: inakuja kama miligramu 2. Punje moja ya mchele ni mara 10 ya hapo. Picha zote unazozitazama kuanzia alfajiri hadi unapolala zinatoka kwenye vumbi lisilotimiza punje ya wali.

Bluu inakufa mapema kwa sababu mwanga wake unabeba nishati kubwa kuliko wa nyekundu na wa kijani. Ili molekuli itoe mwanga wa bluu, lazima kwanza ibebe nishati hiyo tumboni kwa kitambo kidogo mno, na kiasi hicho kinakaribia kabisa kile kinachohitajika kukata baadhi ya vifungo vyake yenyewe. Mara mabilioni inafanikiwa kuutoa mwanga salama. Mara moja inajikata. Iliyojikata haiwaki tena, na mabaki yake yanaanza kunyonya nishati ya majirani. Ndicho kivuli cha kibodi changu.

Nimeanzia hapa kwa sababu kuna hadithi moja ambayo nimeichoka. Semina yoyote ya ujasiriamali mjini hapa, kabla ya chai ya saa nne, mtoa mada atawaambia habari ya Kodak. Kampuni kubwa ya filamu, mhandisi wake Steven Sasson akatengeneza kamera ya dijitali mwaka 1975, wakubwa wakaogopa kuua biashara yao, wakaificha, na mwaka 2012 kampuni ikafilisika. Wasikilizaji wanatikisa vichwa. Somo: usiogope mabadiliko. Tunaandika kwenye madaftari tuliyopewa na wafadhili, tunakwenda kunywa chai.

Kamera ya Sasson ilikuwepo kweli. Ilikuwa na uzito wa kilo 3.6 hivi na ilichukua sekunde 23 kuandika picha moja ya rangi nyeusi na nyeupe kwenye kaseti. Ila mwaka huohuo wa 1975, kwenye mji huohuo wa Rochester, jimbo la New York, Kodak ilimwajiri kijana mzaliwa wa Hong Kong aliyekuwa ametoka kupata shahada ya uzamivu Chuo Kikuu cha Cornell, jina lake Ching Tang. Sijawahi kumsikia mtoa mada akimtaja. Kama unasoma makala hii kwenye simu yenye kioo cha OLED, unaisoma kupitia kazi ya Tang.

Alipewa kazi isiyo na uhusiano na skrini. Ilikuwa miaka ya mafuta kupanda bei, na Kodak ilitaka kujua kama rangi za kaboni, ambazo ilikuwa nazo kwa maelfu kutokana na biashara ya filamu, zingeweza kutengeneza umeme kutokana na jua. Tang akaja na wazo la kubandika tabaka mbili tofauti, moja ipende kubeba chaji chanya na nyingine ipende elektroni, ili kazi ifanyike pale zinapokutana. Halafu ukiigeuza njia, badala ya mwanga kuingia na umeme kutoka, umeme unaingia na mwanga unatoka. Mwaka 1987 yeye na mwenzake Steven Van Slyke wakachapisha matokeo: kijani king'aacho, kwa umeme usiofika volti 10. Miaka ishirini na kitu kabla yao, Martin Pope na wenzake pale New York walishawahi kuwasha fuwele ya kaboni, lakini walihitaji mamia ya volti, na hakuna mtu anayetembea na volti 400 mfukoni.

Ukiangalia molekuli mbili walizotumia, hakuna hata moja iliyobuniwa kwa ajili ya kuwaka. Ile ya kubeba chaji chanya ilitoka kwenye ukoo wa molekuli uliokuwa ukitumika kwenye mashine za fotokopi, na Kodak ilikuwa ikiuza mashine hizo. Ile ya kuwaka ilikuwa alumini iliyozungukwa na kemikali iitwayo oksini, kitu ambacho wanakemia walikuwa wamekitumia kwa miongo kadhaa kupima kiasi cha alumini kwenye vimiminika. Zote zilikuwa rafuni. Mtu akizungumzia "uvumbuzi wa kemikali mpya" tunafikiria mtu mwenye koti jeupe anayepiga kelele usiku wa manane. Mara nyingi ni mtu aliyesimama kwenye duka lenye droo elfu, kama yale maduka ya dawa na viungo ya Darajani, ambaye anajua kilichomo kwenye droo ya 614 na anauliza kama hakiwezi kufanya kazi nyingine. Ukiwa na droo kumi, hutoki na kitu hata uwe na akili namna gani.

Na ufundi wa Kodak ulikuwa kwenye droo, tangu mwanzo.

Mjomba wangu alikuwa na studio Tanga, barabara ya ishirini na kitu, na likizo za shule ya msingi nilizimaliza ndani ya chumba chake cha kusafishia picha. Taa nyekundu, sinia tatu za plastiki, harufu ya haipo (ile dawa ya kuifanya picha isifutike) inayokaa puani mpaka kesho yake, na vidole vya mjomba vyenye madoa ya kahawia yasiyotoka hata kwa limao. Unatia karatasi nyeupe kwenye sinia ya kwanza, unatikisa taratibu, na kutoka kwenye utupu bibi harusi anaanza kujitokeza, nyusi kwanza, kisha macho. Mjomba alikuwa akisema usiipumulie, ataondoka. Nilimwamini hadi darasa la tano.

Sikujua wakati huo kwamba bibi harusi alitegemea lishe ya ng'ombe. Chembe za fedha zinazopokea mwanga zimeshikiliwa kwenye jelatini, na jelatini ni mifupa na ngozi za ng'ombe zilizochemshwa. Mwaka 1882, kabla hata jina Kodak halijabuniwa, sahani za picha za George Eastman ziliharibika ghafla. Alifanya majaribio mamia, akafunga kiwanda, akasafiri hadi Uingereza, na mwisho akagundua kwamba jelatini aliyoletewa haikuwa ileile ya zamani. Ni kwa nini? Jibu lilichukua miaka zaidi ya 40. Mwaka 1925 Samuel Sheppard wa maabara ya Kodak alitangaza kwamba jelatini nzuri ilikuwa na uchafu kidogo sana wa salfa, wa aina inayopatikana kwenye haradali. Ng'ombe waliokula haradali malishoni waliacha salfa kwenye ngozi zao, na salfa hiyo ndiyo iliyozifanya chembe za fedha ziwe nyepesi kuhisi mwanga. Baada ya hapo viwanda viliacha kubahatisha na ng'ombe. Vilitumia jelatini safi na kuongeza salfa vyenyewe, kwa kipimo.

Nakaa hapa kwa makusudi. Siri ya salfa ndiyo kemia ya vifaa vya umeme na picha yote, mpaka leo. Kitu kinachoamua ni kiasi kidogo kisichoonekana, na anayekula ni yule anayeweza kukirudia kesho sawasawa na alivyokifanya jana. Kugundua ni siku moja. Kurudia ni kiwanda.

Kodak ilikuwa na kiwanda hicho. Mwaka 1920 Eastman alianzisha kiwanda cha kemikali huko Kingsport, Tennessee, kwa sababu vita kuu ya kwanza ilikuwa imemfundisha adha ya kutegemea wauzaji wa nje. Kwa miaka zaidi ya 70 Kingsport ilitengeneza malighafi za filamu, kisha plastiki, nyuzi na mengine mengi. Halafu tarehe 1 Januari 1994, Kodak ikaikata sehemu hiyo na kuiacha ijitegemee kwa jina la Eastman Chemical. Sababu ilikuwa deni. Mwaka 1988 Kodak ilinunua kampuni ya dawa, Sterling Drug, kwa zaidi ya dola bilioni 5, na ununuzi ule ukaikaba koo. Ikaamua kurudi kwenye kile ilichokiita kiini chake, yaani picha.

Hapo ndipo mimi ninapoiweka siku ya msiba, miaka 18 kabla ya mahakama ya ufilisi. Semina zinasema Kodak ilishindwa kuacha filamu na kushika dijitali. Ninavyoona mimi, Kodak ilidhani kazi yake ni picha, wakati kazi yake ilikuwa ni kemia iliyokuwa imepata kibarua kwenye picha. Kibarua kikaisha, ikabaki na jina la mwajiri. Eastman Chemical ipo hadi leo, inauza kemikali za mabilioni ya dola kila mwaka, na hakuna semina inayoitaja kwa sababu haina huzuni ya kutosha.

Nisiwe mwepesi wa kuhukumu, maana mimi nahukumu nikiwa najua mwisho wa hadithi. Mwaka 2003 Kodak ilitoa kamera ya dijitali, LS633, yenye kioo cha OLED nyuma yake. Kwa hiyo si kweli kwamba waliisahau droo ya Tang. Ila kufikia hapo ilikuwa imepita miaka 16 tangu ile makala ya 1987, hataza za mwanzo zilikuwa zinakwisha muda, na faida bado. Tang mwenyewe aliondoka mwaka 2006 kwenda kufundisha Chuo Kikuu cha Rochester. Desemba 2009 Kodak ikaiuza biashara yote ya OLED kwa kundi la LG la Korea Kusini. Miezi sita baadaye Samsung ilitoa Galaxy S ya kwanza, kioo chake OLED, na simu za kifahari zikaanza kufuata. Mwenye duka lililokaa miaka 22 bila mteja ana haki ya kuchoka. Bahati mbaya alichoka mteja akiwa kwenye kona ya mtaa.

Jirani yake wa Japani alikuwa na deni dogo na subira kubwa. Fujifilm iliona jambo lilelile: mauzo ya filamu za rangi duniani yalifika kilele mwaka 2000 na baada ya hapo yakaporomoka kama embe bivu. Shigetaka Komori, aliyeshika usukani wa kampuni nzima mwaka 2003, aliwatuma watu wake wakahesabu droo. Walichokikuta kinachekesha ukikifikiria. Plastiki ileile nyembamba, angavu, isiyo na doa, ambayo kazi yake ilikuwa kubeba dawa ya filamu, ilikuwa ndiyo inayohitajika kulinda kichuja-mwanga ndani ya kila kioo cha LCD. Kompyuta na televisheni bapa zikaibeba Fuji ilhali filamu ilikuwa inakufa. Kampuni ikajenga mitambo mikubwa Kumamoto kwa ajili hiyo tu. Kolajeni, ambayo ukiichemsha inakuwa jelatini ya mjomba wangu, ikawapeleka kwenye mafuta ya ngozi mwaka 2006. Wanawake wa Tokyo wakaanza kujipaka usoni elimu ya filamu. Na rangi za filamu zikawapeleka kwenye vichujio vidogo vya nyekundu, kijani na bluu vinavyofunika jicho la kamera ya simu. Mpangilio wa vichujio hivyo, ule unaotumika karibu kila mahali, ulibuniwa na Bryce Bayer. Mfanyakazi wa Kodak, hataza ya 1976.

Lakini droo inayoniuma zaidi kwa niaba ya Kodak ni nyingine, na hiyo hata watu wa teknolojia hawaizungumzii sana.

Ukiwahi kumtazama mama wa batiki akifanya kazi, umeshaelewa namna chipu inavyotengenezwa. Anachora kwa nta ya moto juu ya kitambaa, anakitumbukiza kwenye rangi, na penye nta rangi haiingii. Kisha anaitoa nta, anaanza tabaka la pili. Chipu ni batiki ya silikoni yenye tabaka kadha wa kadha, isipokuwa nta yake inachorwa na mwanga: penye mwanga inabadilika, pasipo mwanga inabaki, na zile sehemu zinazoyeyuka zinaacha silikoni uchi kwa ajili ya kuchimbwa au kutiwa kitu. Nta hiyo inaitwa fotoresisti. Miongoni mwa zile za mwanzo kabisa zilizotumika kuchora transista, miaka ya 1950, ilikuwa ya Kodak, iliyotokana na kazi ya mwanakemia wake Louis Minsk. Watafiti wa maabara ya jeshi la Marekani, Jay Lathrop na James Nall, waliichukua ilivyo, wakageuza darubini ifanye kazi kinyumenyume ili kupunguza picha badala ya kuikuza, na kutoka hapo tumefika tulipo.

Miaka ya 1980 ile nta ya zamani ikafika ukingoni. Mistari ilivyozidi kuwa myembamba ilibidi kutumia mwanga wa urujuanimno mkali, na taa za wakati ule zilitoa kidogo mno. Nta ingehitaji kuanikwa muda mrefu kuliko kiwanda kinavyoweza kuvumilia. Pale IBM, San Jose, Hiroshi Ito, Grant Willson na Jean Fréchet walikuja na ujanja ambao bado naona ni mzuri kuliko hata OLED. Badala ya kudai kila chembe ya mwanga ifanye kazi moja, walitia ndani ya nta kitu ambacho kikipigwa na mwanga kinatoa asidi. Asidi hiyo, ukiipasha joto, inakata kifungo kimoja, haitumiki, inaendelea na cha pili, cha tatu, mpaka mamia. Chembe moja ya mwanga, kazi mia.

Ukaja mkosi wa kiwandani. Nta iliyokubali maabarani ilianza kukataa ghafla kiwandani, leo sawa kesho hovyo, mistari ikitoka na kofia juu kama uyoga. Walihangaika hadi walipogundua kwamba ni hewa. Mvuke wa vitu vya asili ya amonia kutoka kwenye rangi za ukutani, gundi na viyeyusho, sehemu chache tu katika bilioni, ulikuwa unatua juu ya nta na kuiua asidi kabla haijafanya kazi. Viwanda vya mabilioni ya dola vikafunga vichujio vya mkaa. Ng'ombe na haradali kwa mara nyingine, safari hii kinyume.

Nani anauza nta hiyo leo? Si IBM, wala si Kodak. Ni Wajapani karibu tisa kwa kumi: JSR, Tokyo Ohka Kogyo, Shin-Etsu, na Fujifilm huyohuyo. JSR ilianza kama kiwanda cha mpira wa matairi. Julai 2019, katika ugomvi wao na Korea Kusini uliokuwa na mizizi kwenye vita na ukoloni, Japani ilibana uuzaji wa vitu vitatu tu kwenda Korea: fotoresisti za aina fulani, asidi ya haidrojeni floraidi na plastiki moja inayotumika kwenye vioo. Vitu vitatu, na taifa linaloongoza duniani kwa chipu za kumbukumbu likaanza kuhesabu madumu yaliyobaki stoo. Masharti hayo yaliondolewa mwaka 2023. Na Japani haikukaa kizembe: mfuko wa uwekezaji wa serikali ukaichukua JSR nzima na kuiondoa kwenye soko la hisa mwaka 2024, kwa gharama ya takriban yeni bilioni 900. Kwa nta.

Sasa turudi nyumbani, ambako wimbo ni madini. Wanasiasa wetu, na wa Kongo zaidi yetu, wameshika kauli kwamba simu haziwezi kutengenezwa bila koltani ya Rubaya na kobalti ya Kolwezi, kwa hiyo siku moja dunia itakuja kupiga hodi. Koltani inahitajika, sina ubishi. Tantalamu, metali inayotolewa humo, imo kwenye vikapasita (vidude vya kuhifadhi chaji) vya bodi ya simu, na watu wanafukiwa hai mashimoni kuitafuta. Ubishi wangu uko kwenye hesabu. Tanzania ilipopiga marufuku kusafirisha makinikia mwaka 2017, "kuongeza thamani" ilimaanisha kuyeyusha. Ukiyeyusha unapata metali safi, ambayo ina bei ya sokoni inayojulikana na muuzaji mwingine mlango wa pili. Zile miligramu 2 za kioo changu hazina mgodi. Ni kaboni, haidrojeni, naitrojeni, vitu ambavyo hata jalala la Pugu linavyo. Kwenye nyekundu na kijani kuna iridiamu kidogo, kwa sababu mwishoni mwa miaka ya 1990 Stephen Forrest na Mark Thompson walionyesha kwamba metali nzito inaiwezesha molekuli kutoa mwanga ambao zamani ulipotea robo tatu kama joto. Kidogo, nimesema. Bei ipo kwenye mpangilio, na kwenye usafi wake.

Halafu kuna habari ambayo hata wanaoimba kuhusu thamani hawajaisikia. Wanakemia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Zululand, Afrika Kusini, wamechapisha kazi za kutengeneza nukta kwanta kwa mafuta ya nyonyo na mafuta ya ganda la korosho. Nukta kwanta ni chembe ndogo mno, kwa mfano za kadimiamu na seleniamu, ambazo rangi yake inatokana na ukubwa: nanomita 2 zinakwenda kwenye bluu, nanomita 6 zinakuwa nyekundu, dutu ileile. Zimo kwenye televisheni, na mwaka 2023 ziliwapatia Nobel Alexei Ekimov, Louis Brus na Moungi Bawendi, huyu wa mwisho akiwa mtoto wa Mtunisia. Tatizo la chembe hizi ni kwamba zikiachwa uchi zinashikana kama ugali uliokosa mwiko. Lazima zivalishwe molekuli zenye kichwa kinachong'ang'ania chembe na mkia mrefu unaowasukuma majirani. Bawendi alitumia kemikali za kununua, za bei. Mafuta ya ganda la korosho, yale yaliyotubabua midomo utotoni tulipozipasua korosho mbichi kwa meno, yana molekuli zenye kichwa na mkia wa namna hiyo, tayari kutoka mtini.

Korosho zetu nyingi zinapanda meli na maganda yake kwenda India na Vietnam. Mafuta yanakwenda bure, juu ya gunia.

Ningependa kusema hapo ndipo utajiri ulipo, lakini nitakuwa nawadanganya wasomaji. Kuna umbali mrefu kati ya makala ya kisayansi na chupa inayouzwa. Mwenye kiwanda cha vioo hatauliza kama nukta zako zinawaka. Atauliza kama za Machi zinawaka sawa na za Septemba. Mafuta ya korosho ya Newala hayafanani na ya Mkuranga, ya mvua nzuri hayafanani na ya ukame, na ganda lililokaa ghalani miezi sita lina molekuli zilizokwisha kugeuka. Kabla ya kiwanda cha nukta kwanta tunahitaji mtu wa kukaa miaka kumi akipima maganda, msimu kwa msimu, wilaya kwa wilaya, akitafuta salfa yake. Kazi hiyo haina picha ya kukata utepe. Kwa ruzuku ya utafiti ya mwaka mmoja mmoja, na mashine ya vipimo ambayo ikiharibika kipuri kinasubiriwa kutoka nje, sijui nani ataifanya; ila ninajua kwamba Kodak iliilipia kazi ya namna hiyo kwa ajili ya ng'ombe, na haikuwa kwa huruma.

Kuhusu bluu, wanaendelea. Pale Chuo Kikuu cha Kyushu, Chihaya Adachi na kundi lake walionyesha mwaka 2012 molekuli zinazofanya kazi ya iridiamu bila metali yoyote, na tangu hapo makampuni yanashindana kuzifanya zidumu zikiwa bluu. Vioo vingi bado vinatumia bluu ya ukoo wa zamani, na watengenezaji wanazichora nukta zake kubwa kuliko za rangi nyingine ili mzigo ugawanyike. Ni suluhisho la fundi, na silidharau.

Wa kwangu alimaliza kazi kwa dakika 40. Alinionyesha kioo kipya kwenye picha nyeupe, cheupe kweli, kisha akanishauri nibadili kibodi iwe nyeusi na nipunguze mwanga. Kile cha zamani alikitupa kwenye boksi chini ya meza, lililojaa vingine vya aina hiyo. Nikamuuliza vinakwenda wapi.

"Kuna jamaa anapita kila mwezi, anachukua kwa kilo. Anataka utepe wa waya, una dhahabu kidogo."

"Na kioo chenyewe?"

"Kioo anavunja, anaacha hapohapo nje. Kile hakina kitu."